Kitufe Kilicho Nyuma ya Flashi

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine mnaopita hapa Kawangware na simu mkononi mkipiga kila kitu, liogopeni jua la saa sita mchana. Likiwa utosini huchimba mashimo mawili meusi mahali pa macho ya mtu. Msimpige hapo alipo. Msogezeni kwenye kivuli cha ukuta unaotazamana na mabati, na mabati yatamrudishia mwanga laini usoni bila nyinyi kununua kifaa chochote. Mimi nilijua hilo baada ya kuharibu nyuso nyingi za watu wema. Hakuna hata mmoja aliyenipiga. Namshukuru Mungu kwa uvumilivu wao.

Nilipiga picha za barabarani kwa zaidi ya miaka thelathini. Asubuhi nilikuwa hapa Kawangware, alasiri navuka kwa miguu hadi Ayany, kisha nashuka kijiji cha Lindi ndani ya Kibera na kufuata vichochoro mpaka karibu na ghorofa za Nyayo Highrise. Nilibeba kamera moja, flashi moja, filamu mbili na daftari la majina. Daftari lilikuwa muhimu kuliko kamera. Mpangaji wa Kibera unampiga picha Jumanne, Jumamosi ukimletea unakuta kufuli ya mtu mwingine mlangoni. Kwa hiyo nilijifunza kutoandika jina la mtu peke yake. Niliandika pia jina la mama anayeuza mboga karibu na mlango wake. Mtu huhama, mama wa mboga hahami, naye ndiye anayejua kila aliyehama ameenda wapi na kwa nini.

Mnaniuliza utamu wa kazi hii ulikuwa wapi. Ulikuwa katika nusu dakika. Fundi wa viatu anagombana na mteja, anageuka, anaona kamera. Anapangusa paji la uso. Anakaa wima. Ghafla ni mtu mwenye baba na mama na kijiji, na anakupa uso anaotaka mama yake auone huko nyumbani. Hakuna shule iliyomfundisha. Nimeona jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyokula chakula cha jioni, na halikunichosha hata siku moja.

Tulicheka pia. Pale Lindi kulikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Shem, naye alikuwa na koti la buluu ambalo mteja mmoja alilileta kushonwa akapotea. Wanaume wa kichochoro kile walilivaa kwa zamu wakipigwa picha za kutuma nyumbani. Mmoja wao, Wafula, alirudi kutoka likizo amenuna.

“Umeniharibia ndoa,” akaniambia.

“Mimi? Vipi?”

“Mama mkwe ameweka picha yangu ukutani. Jirani yake naye akaleta ya kijana wake. Koti ni lile lile! Hata kifungo kinakosa palepale. Sasa wananiuliza, nyinyi huko Nairobi mnavaa kwa zamu?”

“Ukawajibu nini?”

“Nikawaambia ni yunifomu ya kazi.”

Kazi nilifundishwa na Baba Wanjiru, Mungu amrehemu. Yeye alikuwa mwenyeji wa Kawangware kwa kuzaliwa. Ploti aliirithi kwa baba yake, nyuma kulikuwa na vyumba vya wapangaji, na chumba cha mbele kilikuwa studio yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mimi nilikuwa kijana mgeni kutoka magharibi, mpangaji wake wa chumba cha tatu. Aliniona nikisimama mlangoni mwa studio kila nikitoka kazi ya mjengo, akachoka kuniona.

“Wewe unanizibia mwanga,” akasema. “Ingia ndani uzibe ukiwa unafanya kazi.”

Harusi ya kwanza aliyonituma peke yangu sitaisahau. Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita. Nilipofika thelathini na sita, kamera ikaendelea. Thelathini na nane. Arobaini. Moyoni nikakumbuka yule mjane wa Maandiko ambaye mafuta yake hayakuisha chupani, na nikaanza kuimba kwa sauti ya chini huku nikipiga. Nilifika arobaini na nne. Niliporudi, Baba Wanjiru aliingiza kamera kwenye mfuko mweusi, akapapasa ndani.

“Ulipiga ngapi?”

“Arobaini na nne, mzee. Bwana alizidisha.”

“Bwana hakuzidisha kitu. Filamu haikushika meno. Haijasogea hata kidogo. Umepiga harusi nzima kwa upepo!”

Maharusi walivaa tena nguo zao Jumatano wakaja studio, na mpaka leo picha ile inaonyesha bibi harusi akiwa na hasira za kweli. Baba Wanjiru alinishika kichwa akakiinamisha juu ya kamera. “Ukikunja filamu, angalia kirungu hiki cha kushoto. Kikizunguka, filamu inasogea. Kisipozunguka, acha kumsifu Mungu, fungua kamera.”

Ni yeye pia aliyenionyesha kitufe. Nasema hivi bila kumlaumu, kwa sababu wote tulikuwa tukifanya hivyo. Nyuma ya flashi za zamani kulikuwa na kitufe kidogo chekundu. Kazi yake ilikuwa kujaribu betri tu. Ukikibonyeza, flashi inawaka yenyewe, lakini kamera haifunguki na filamu haisogei. Barabarani watoto walitufuata kwa makundi wakipiga kelele, “Foto! Foto! Nipige!” na filamu ilikuwa ya wateja. “Mtoto anataka mwanga,” Baba Wanjiru aliniambia. “Mpe mwanga, aende.” Basi unageuza flashi upande wao, unabonyeza kitufe, mwanga unawaka, wanashangilia, wanatawanyika. Jambo hilo tuliliita kupiga hewa. Nilikuwa nikifundisha shule ya Jumapili wakati huo na sikuona dhambi yoyote ndani yake.

Sasa nifike kwa Akinyi.

Mama yake, Mama Akinyi, aliuza dagaa wa omena na sukuma wiki kwenye kichochoro kile cha Shem. Yeye ndiye jina nililoandika daftarini kwa ajili ya wapangaji wote wa pale. Nilikuwa nikimwachia picha za watu, naye anawafikishia, wala hakuwahi kupoteza hata moja. Akinyi alikuwa mtoto wake wa pekee, wa miaka saba hivi. Alikuwa na sauti ya kukwaruza kama ya mtu mzima aliyeamka na mafua, na hakutaka kupigwa picha pamoja na kundi.

“Baba Foto, leo mimi peke yangu. Sitaki hawa wengine.”

“Simama hapo basi.”

Nilibonyeza kitufe. Mwanga ukawaka.

“Imetoka?”

“Itatoka.”

“Lini?”

“Ikirudi kutoka maabara.”

“Na ile ya juzi?”

“Iko huko pia.”

“Kwani huko maabara hulala tu?”

Mama yake alicheka mpaka akashika ubavu. “Akinyi, wacha kumsumbua mzee!” Nami nilicheka, nikaendelea na njia yangu. Iliendelea hivyo karibu mwaka mzima, kila wiki mara moja au mbili.

Siku moja nilirudi baada ya kuwa nyumbani magharibi kwa wiki mbili, nikakuta meza kichochoroni. Nyinyi mliokulia hapa mnaijua meza hiyo. Mtu akifa, jamaa na majirani huweka meza kando ya njia, kitambaa cheupe juu yake, bakuli la mchango, na picha ya marehemu ikiwa imesimama katikati. Anayepita anatazama ile picha. Hata kama hakujua jina, anasema, “Ala, kumbe ni huyu?” na anasimama. Ndivyo maiti wa Kibera wanavyofika nyumbani kuzikwa. Meza hiyo ilikuwa na kitambaa na bakuli. Katikati palikuwa na sweta ya shule iliyokunjwa.

Homa ilikuwa imemchukua Akinyi kwa siku tatu.

Mama yake alinyanyuka aliponiona. Nilidhani anakuja kulia mikononi mwangu, lakini uso wake ulikuwa na kitu kingine ambacho sikukitarajia. Ulikuwa na furaha.

“Nilikuwa nakungoja wewe,” akasema. “Watu wanapita, wanauliza nani amekufa. Wanaangalia sweta, hawamjui. Nikawaambia, ngojeni Baba Foto arudi. Yeye amempiga mara nyingi. Si nyingi? Nipatie hata moja tu. Hata kama imeharibika kidogo.”

Wajukuu zangu, nilikuwa na muda wa kusema kweli. Ulikuwa mrefu wa kutosha. Nikasema, “Filamu ziliungua, mama. Maabara walifungua mlango wa chumba cha giza. Zote ziliona mwanga.”

“Zote?”

“Zote.”

Aliangalia sweta. Kisha akanishika mkono, akanifariji mimi. “Basi ni Mungu. Angalau ulimpiga. Angalau alikuwa akifurahi, si ndiyo? Wengine hawajawahi kusimama mbele ya kamera hata siku moja.”

Nilirudi kwangu nikatoa negativu zote nilizopiga Lindi. Nilifikiri lazima mtoto awepo mahali fulani, nyuma ya mtu, ukingoni mwa picha. Alikuwa pale kila siku! Nilizishika moja moja dhidi ya dirisha kwa siku mbili. Lakini mimi nilikuwa fundi mzuri. Baba Wanjiru alikuwa amenifundisha kusafisha nyuma ya mteja kabla sijabonyeza, na mwaka mzima nilikuwa nimesema, “Watoto, tokeni hapo nyuma, mnaharibu picha ya mzee.” Walikuwa wametii. Nilipata mkono mmoja wa mtoto kwenye ukingo wa picha ya Wafula, vidole vinne na kipande cha kiwiko. Ungeweza kuwa wa mtoto yeyote. Sikuupeleka.

Walimsafirisha na sweta ile juu ya jeneza.

Kitufe kile sikukibonyeza tena. Kila mtoto aliyeniita nilimpiga kwa filamu ya kweli, nikasafisha picha na kumpa. Nina masanduku mawili ya watoto wa watu wengine. Wengi wao sasa ni watu wazima, hunisimamisha barabarani wanishukuru. Mungu amenipa shukrani nyingi kuliko ninavyostahili, na kila moja naibeba kama mzigo.

Lakini hakuna iliyokuwa nzito kama ya Mama Akinyi. Tulisali kanisa moja. Nilipofanywa mzee wa kanisa, alisimama kutoa ushuhuda. Alisema anamshukuru Mungu kwa mtu aliyempenda mtoto wake, akampiga picha nyingi bila kuombwa chochote, na kwamba akijisikia mpweke huziwaza zile picha zilizoungua, hujua kwamba zilikuwepo. Washirika wakasema amina. Mimi nilikuwa benchi la mbele. Nilisema amina pia. Niliomba Mungu anipe siku ya kumwambia, na kila siku aliyonipa niliona ni ya ukatili mno, kwa sababu nilijua kile kitu kisichokuwepo ndicho alichokuwa akikishika. Miaka ikapita hivyo. Nimewaombea watu wengi msamaha na nikawaambia wamesamehewa. Wangu sikuuomba, maana njia yake ilipita mlangoni kwa Mama Akinyi.

Mwaka huu kanisa letu lilitaka picha za zamani. Brenda, msichana anayeshughulikia mitambo ya kanisa, alikuja na mashine yake ndogo akaanza kuskani negativu zangu. Ni binti mwenye moyo mwema na mdomo usiochoka, naye huniita Guka, yaani babu.

“Guka, hizi ni noma! Huyu mwenye koti ya blu ni nani? Ako kila mahali.”

“Si mmoja. Ni wanaume kumi na watano.”

“Zii! Acha jokes!”

Jumapili akatangaza mbele ya watu kwamba teknolojia siku hizi inaweza kurudisha picha zilizofifia, zilizoingia maji, hata zilizoungua. Baada ya ibada Mama Akinyi alikuja polepole kati ya viti. Amezeeka, magoti yanamsumbua. Alikuwa anafunga chumba chake cha Lindi kwenda nyumbani moja kwa moja, mwisho wa mwezi.

“Umesikia msichana alivyosema?” akaniuliza. “Hata zilizoungua. Bado unazo zile filamu? Nataka niende na mtoto wangu nyumbani safari hii.”

Nilisema nitatafuta. Ndiyo, nilisema hivyo, mzee wa kanisa, na nywele hizi nyeupe.

Nilimweleza Brenda kila kitu. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Aliizima mashine yake, akasema kwa upole, “Guka, hiyo si shida. Tunachukua picha ya Mama, AI inamrudisha mpaka miaka saba. Tunaweka sweta ya shule, tunaweka kichochoro. Tunaifanya ikae imeungua kidogo pembeni. Hatajua.”

“Atakuwa mtoto gani huyo?”

“Atafanana na yeye. Karibu.”

Sitawadanganya kwamba nilikataa mara moja. Nilitembea na wazo hilo siku nne. Nilijiambia ni rehema. Mwanamke mzee angefika kwao na uso mkononi, na mimi ningekufa nikiwa Baba Foto. Siku ya nne, nikiwa nasali, niligundua kwamba ningekuwa nabonyeza kitufe kile kile, sasa kwa mama mwenyewe. Nikavaa viatu nikaenda Lindi.

Nilimkuta anafunga sufuria ndani ya gunia. Alinipa stuli. Nikamwambia. Nilimweleza kitufe kilivyo, kazi yake, na kwamba filamu haikusogea hata mara moja. Nilimwambia maabara haikufungua mlango wowote. Sauti yangu ilikuwa imara, nami nilishangaa, kisha nikajua ni kwa sababu nilikuwa nimeisema hotuba hiyo peke yangu kwa miaka mingi.

Hakulia. Aliendelea kushika kamba ya gunia.

“Hakuna hata moja,” akasema.

“Hakuna, mama. Nisamehe.”

Alikaa kitandani. Nje mtu alikuwa anapiga mswaki na kumwita jirani yake mwizi wa maji, kwa mzaha, na jirani anajibu. Nilingoja. Nilikuwa tayari kwa laana, nilikuwa tayari hata kwa msamaha.

“Sawa,” akasema. “Picha hakuna. Lakini wewe ulikuwa hapo. Mimi nilikuwa nainamia omena, namsikia tu nyuma yangu. Ni mbele yako wewe alikuwa anasimama. Niambie alikuwa anasimama namna gani. Mikono aliweka wapi? Alikuwa anacheka?”

Nilifungua mdomo.

Vijana, mtu anayebonyeza kitufe cha betri haweki jicho kwenye kamera. Hahitaji. Anageuza flashi pembeni kwa mkono mmoja, na macho yake yako mbele, yanatafuta mteja. Ninaikumbuka sauti ya Akinyi kana kwamba niliisikia leo asubuhi. Nilitafuta uso wake katika kichwa changu, mahali ninapomkumbuka Wafula, na Shem, na bibi harusi aliyekasirika, na mahali pake palikuwa peupe.

“Sikuwa naangalia,” nikamwambia.

Aliizungusha kamba ya gunia kidoleni.

“Mimi nimeanza kumsahau sura,” akasema. “Ni miaka mingi. Pua naikumbuka, nikikumbuka pua macho yanapotea. Nilikuwa najiambia si neno, Baba Foto anamjua.”

Baadaye kidogo aliinama, akaendelea kufunga gunia. Nilisimama nimsaidie kukaza kamba, akaivuta upande wake.

“Ukitoka, rudisha mlango,” akasema. “Vumbi linaingia.”

Nikatoka, nikaurudisha.